Mkutano wa Kuamua Kama Wali Ulinuka

Juzi mtoto wa kaka yangu kaniletea papa mkavu kutoka sokoni Darajani, kamfunga vizuri kwenye gazeti, na hata ngazi hajaanza kuipanda mie nshamjua. Nikampigia kelele kutoka juu: "Mwanangu, ahsante, Mungu akuzidishie, lakini hicho kitoe nje!" Mtoto wa watu akasimama kwenye ngazi hajui apande au arudi. "Shangazi, nani asiyekula papa hapa Unguja?" Nikamwambia, mie. Akataka kujua kwa nini, na kwa kuwa roho ilikuwa imeshanichafuka, nikashindwa kumjibu. Sasa nimetulia, namjibu kwa kalamu, na nyinyi wenzangu wa rika langu mtaniambia kama nimetia chumvi.

Sili papa kwa sababu ya Mwenyekiti wa mtaa wetu. Keshakufa. Mungu amsamehe, maana mie bado.

Mtaa wetu ulikuwa nyuma ya Malindi, hapa hapa mjini Unguja, jirani na bandari, kwenye vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Siku zile kila mtaa ulikuwa na vyombo vyake vya shughuli: masufuria makubwa ya shaba, masinia, mikeka. Havikuwa vya mtu. Wanawake walichangishana zamani, sisi hatujazaliwa, wakavinunua kimoja kimoja. Akifa mtu au akiolewa mtu vinatolewa, vinapikiwa, vinasuguliwa, vinarudi vilikotoka. Na vilikotoka ni uani kwetu, kwa bibi yangu mzaa baba, Bi Time. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi wa mtaa. Halipwi, haombi. Alichopata ni kwamba akitokeza tu mlangoni na mwiko wake, wenye shughuli wanashusha pumzi, wanajua hawatoaibika.

Sufuria moja ilikuwa kubwa kuliko zote, sisi watoto tulikuwa tukijificha ndani tukicheza. Hiyo Bibi aliiwekea sharti: isiguswe na samaki. Wali na nyama, basi. Shaba, alikuwa akisema, ikishaingiwa na shombo haisahau. Fundi akija kuitia bati ndani, Bibi anavuta kibao anakaa naye pale pale mpaka amalize, anamwonyesha kwa kidole alipoparuka.

Mapinduzi yalipotokea nilikuwa mdogo wa kutojua kitu. Nilipopata akili, nilimkuta Mwenyekiti yupo. Jina lake Bwana Ngwali, na zamani kazi yake ilikuwa kukaa barazani kupeleka habari za huyu kwa yule, na naona ndiyo sababu alipopata cheo kitu cha kwanza alichodai ni ubao. Alipewa ofisi chini ya nyumba moja kubwa ambayo wenyewe walikwishaondoka, akauning'iniza ubao mweusi nje ya mlango, juu yake akaandika kwa chaki HABARI ZA MTAA. Kila asubuhi anaandika mwenyewe, huku ulimi kautoa nje. "Mwenyekiti amekagua mfereji. Mfereji uko salama." Na sisi tumesimama hapo na ndoo zetu tupu, mfereji haujatoa hata tone tangu juzi, tunasoma. "Mtoto wa Mwenyekiti amepona mafua. Wananchi wamefurahi." Kefule! Wananchi gani? Hakuna aliyejua hata kama anaumwa.

Siku moja akaja kwetu na vijana wake.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba, baba."

"Vyombo hivi vya nani?"

"Vya mtaa."

"Na mtaa wa nani?"

Bibi akamtazama kwanza, maana alimjua tangu anatembea bila ya suruali. "Wa watu."

"Basi! Vya wananchi vikae kwa wananchi, si uani kwa mtu. Vitahifadhiwa ofisini."

Vijana wakaanza kuvibeba. Bibi hakugombana. Alichofanya ni kuifuata ile sufuria kubwa mpaka mlangoni, kaiwekea mkono. "Hii isipikiwe samaki, tafadhali."

"Bi Time," Mwenyekiti akacheka, "serikali haipiki samaki."

Haukupita muda ofisi ikaanza kunuka. Si shombo la kawaida. Sisi ni watoto wa Malindi, shombo la samaki tumezaliwa nalo. Hii ilikuwa harufu nzito, ya mafuta, inayokaa kooni. Ukipita hapo inakufuata mpaka nyumbani, unaikuta kwenye nguo na kwenye nywele. Ilitoka nyuma ya ofisi, kwenye kiua chenye ukuta mrefu, na moshi juu yake. Sasa najua kilichokuwa kikifanyika, na wakubwa wote walijua siku ile ile: Mwenyekiti alikuwa na shemeji yake Chwaka akimletea maini ya papa, wanayachemsha kutwa mpaka yatoe mafuta, wanawauzia wenye mashua wapake mbao. Biashara ya halali kabisa, watu wameifanya miaka na miaka, huko ufukweni, kwenye mapipa yao. Huyu bwana aliifanya ofisini, kwenye sufuria ya pilau.

Lakini mimi nilikuwa mtoto, nikamuuliza baba. Baba alikuwa karani bandarini, mtu mpole, shati jeupe, kalamu mfukoni. Nikasema, Baba, pale kwa Mwenyekiti mbona pananuka? Akaangalia dirishani, akafunga. "Nyamaza! Ile ni ofisi ya serikali."

Basi nikaelewa. Nikaelewa kuwa serikali ina harufu yake, na ile ndiyo. Msinicheke. Mtoto akijibiwa hivyo afahamu nini? Nikawa natembea na elimu yangu hiyo. Alipokuja skuli mkaguzi kutoka wizarani, nilimsogelea nikamnusa. Akanukia sabuni na karafuu, nikawaambia wenzangu huyu si wa serikali kweli, katudanganya. Na Mwenyekiti akipita, kanzu yake inanuka kuliko wote, nikawa naona kweli huyu ni mkubwa.

Yakaja Maulidi ya mtaa. Mnakumbuka hali ya mchele ilivyokuwa miaka ile. Foleni tangu alfajiri, unarudi na kipakacha cha mhogo, na huo mchele ukiupata ni wa kumlisha mgonjwa. Lakini Maulidi bila wali? Kila nyumba ikajinyima. Bi Kazija, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alitoa bakuli la mchele alilokuwa kaliweka kwa ajili ya mwanawe akijifungua. Watu walileta mchele kwa Bibi umefungwa kwenye ncha za kanga, na Bibi aliupokea kwa mikono miwili, akakaa kuuchagua punje kwa punje, lisibaki hata jiwe moja.

Asubuhi ya siku yenyewe vijana wakaileta sufuria kubwa. Nje imesuguliwa inang'aa. Bibi akainama ndani, kisha akainuka taratibu na ushungi puani.

"Astaghfirullahi! Mmepika nini humu?"

Akaanza kuisugua. Majivu, mchanga, makumbi ya nazi, ndimu kikapu kizima. Wanawake wakapokezana mpaka vidole vikachubuka. Lile bati alilokuwa akilisimamia lilishakwisha kuliwa na moto, shaba imebaki uchi. Akaimiminia maji ya moto, akanusa tena, akaweka mwiko chini. "Mie sipiki humu. Nipatieni vyombo vidogo vidogo vya majumbani, nitapika hata mara kumi."

Mwenyekiti akaitwa. Akaja, mikono nyuma.

"Bi Time, unakataa kuwapikia wananchi?"

"Nakataa kuwaharibia."

"Chombo cha wananchi unakiona najisi?" Sasa sauti ilikuwa imeshuka, na mnakumbuka sauti za namna hiyo. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo, na nyumbani kwao hawaambiwi wamepelekwa wapi. Wanawake wakaanza kuangalia chini. Ndipo baba yangu, aliyekuwa anaeneza mikeka, akaja mpaka kwenye mafiga akainama kwa mama yake.

"Mama, nakuomba. Pika."

"Ali, mchele wa watu huu."

"Pika, Mama. Kwa ajili yangu."

Akapika. Nataka lijulikane hilo kabla ya mengine: Bibi alipika kwa sababu mwanawe alimwomba. Akatia bizari, hiliki, mdalasini, karafuu, kila alichonacho, na mpaka maji yanachemka mambo yalikuwa kama yatakwenda vizuri. Wali ulipopaliwa makaa juu ya mfuniko, shaba ikapata joto lake, harufu ikatoka. Ikapanda uani, ikapita juu ya ukuta, ikashuka kwenye kichochoro ambako wanaume wamekaa kwenye mikeka wanasoma. Bibi alikaa kwenye kibao chake, machozi yanamtiririka, anasema, "Wali umeharibika. Jamani, mchele wa watu umeharibika." Mimi sikuelewa analia nini. Niliona ni shughuli kubwa sasa, mpaka wali una harufu ya serikali.

Masinia yakatolewa. Wanaume wakakaa, wakanawa, hakuna anayetia mkono. Mwenyekiti akatia. Akafinyanga tonge, akalitia mdomoni, akatafuna na macho kayatoa, akameza. "Mashallah," akasema. "Mtamu."

Basi wakala! Wakubwa wazima, wenye ndevu zao, watu ambao nyumbani chai ikizidi moshi kidogo wanaisukuma, wakala wali unaonuka maini ya papa, mmoja anamwambia mwenzake mtamu, mwenzake anasema mtamu kweli, na macho yanawatoka machozi. Wengine waliomba waongezwe. Baba yangu aliomba aongezwe! Mie nilitia punje kinywani nikazitema, mama akanipiga kikofi cha haraka na yeye mwenyewe akatema ndani ya kanga. Waliofurahi siku ile kwa nyoyo zao ni paka tu. Jioni baba alitapika chooni mpaka akabaki anatapika maji, mama kamshika mgongo na mimi nimeshika kopo, na kila akipumzika anatuambia kwa kunong'ona, "Msimwambie mtu. Msimwambie mtu."

Asubuhi ubao ulisema: "Maulidi yamefana. Wali ulikuwa mtamu. Wananchi wameomba yafanywe kila mwezi."

Lakini nusu ya mtaa ilikuwa chooni, na watu wakiumwa tumbo hata woga hupungua. Maneno yakaanza kupita. Bi Kazija, ambaye akiambiwa jambo asubuhi, watu wa Bububu huko shamba wanalo adhuhuri, hakupumzika. Bakuli lake la mchele lilimuuma, na haki yake. Mwenyekiti akaona maneno yanamfikia, akafuta ubao, akaandika mengine: "Imegundulika kuwa chakula cha wananchi kimeharibiwa na mpishi, Bi Time. Mkutano kesho, alasiri. Wote wahudhurie."

Bibi hakuwa msomaji wa hati zile za Kizungu. Mimi ndiye niliyemsomea. Nilisoma kwa sauti nzuri, nimefurahi kuliona jina lake kwenye ubao. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akarudi nyumbani bila ya kuninunulia ubuyu alioniahidi.

Mkutano ukafanywa nje ya ofisi, wanaume mbele, wanawake nyuma, na Bibi kwenye kiti peke yake katikati, kavaa buibui lake la kwendea misikitini. Mwenyekiti akasimama.

"Ndugu wananchi, kuna maneno yanapita kwamba wali wa Maulidi ulinuka. Mtaa huu hauendeshwi kwa maneno ya vibarazani. Unaendeshwa kwa kura. Aliyesikia harufu, anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulioinuka. Harufu yenyewe ipo pale pale, inatoka nyuma ya ofisi, maini yanachemka tunapoongea. Nikamwangalia Bi Kazija. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, anafunga na kufungua kanga yake.

"Wanaosema haukunuka?"

Mikono ikapanda yote. Wengine walinyoosha miwili.

"Imepita. Wali haukunuka."

"Alhamdulillahi," akasema Bibi kwenye kiti chake. "Basi kama haukunuka, nimeharibu nini?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akageuza kuwa kikohozi. Mwenyekiti alikwama. Wallahi alikwama, alisimama pale anafuta jasho, na ungeona kwamba neno moja tu kutoka kwa mtu mzima mmoja lingemwangusha. Hakuna aliyelitoa. Wakampa nafasi apumue, akapumua.

"Kosa lako, Bi Time, ni kusema kuwa unanuka. Umelia uani mbele ya watu ukisema wali umeharibika. Huko ni kuwavunja moyo wananchi."

"Nimesema, ndiyo. Nimesema kwa kuwa ulinuka. Miaka yote niliyopika, mtaa huu hamjanilalamikia hata chumvi." Akageuka kwenye kiti. "Simuulizi mwengine. Mwanangu huyu hapa. Ali, baba, ulikula. Wali ulinuka au haukunuka?"

Baba akasimama. Alikuwa kavaa shati lake la kazini. Akamtazama Mwenyekiti, akatazama viatu vyake, na mama yake anamngojea, kainua uso, hana wasiwasi hata kidogo. Huo uso ndio siwezi kuusahau. Alikuwa na hakika naye.

"Haukunuka, Mama."

Mimi nilimwonea huruma. Nilidhani mtu akifanya kazi serikalini muda mrefu pua inakufa, na baba masikini yamemkuta. Ya kopo na kutapika sikuyaunganisha kabisa. Nilikuwa mtoto, na baba kwangu hakuwa mtu wa kusema uongo. Kisha nikamwona Bibi anaondoa macho kwake, anatengeneza ushungi, anakaa sawasawa.

Akakatazwa kupika shughuli yoyote mtaani. Kazi akapewa mke wa Mwenyekiti, mwanamke asiyeweza kuchemsha yai. Ubaoni ikaandikwa kuwa Bi Time amepumzika kwa hiari yake na mtaa unamshukuru.

Tulidhani atagomba nyumbani. Hakugomba. Usiku ule ule alipakua chakula, akamwekea baba sahani yake, na kabla hajatia mkono akamuuliza kwa upole, mbele yetu sote: "Ali, baba, hakinuki?"

Baba akaitazama sahani. "Hakinuki, Mama."

"Haya. Kula."

Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Ikawa ndiyo ada ya nyumba, mchana na usiku, hakuna sahani iliyowekwa mbele ya baba bila ya suala hilo, hata ikiwa chai na mkate. Mama alijaribu kumwambia, "Mama, basi, mwanao keshakoma," akajibiwa, "Namuuliza tu, mwanangu. Yeye ndiye anayejua." Baba akakonda. Akaanza kula bandarini, lakini usiku lazima arudi. Mimi nilipokuwa mkubwa kidogo na akili imeniingia, nilikuwa nikiondoka chumbani nisisikie. Na sikumwonea huruma tena. Nilikuwa namwona ananuka.

Bibi aliugua siku chache tu. Hata kitandani, tukipita na sahani ya baba, midomo yake ilikuwa inacheza na suala lile lile.

Siku ya hitima yake chakula kilipikwa na mke wa Mwenyekiti. Nani angemzuia? Kilipikwa kwenye sufuria ile ile, ambayo siku tatu kabla ilikuwa na maini. Yaani mwanamke aliyewalisha watu wa mtaa ule maisha yake yote, wali wa hitima yake ukaja unanuka papa. Mimi nilikuwa nawanawisha wanaume mikono kwa birika. Baba alikaa sinia moja na Mwenyekiti, ndiyo heshima ya mfiwa. Akafinyanga tonge, akalitia mdomoni, akaacha kutafuna. Akalitoa. Akaliweka ukingoni mwa sinia.

"Unanuka," akasema.

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanawake. "Wali huu unanuka. Na ule wa Maulidi ulinuka. Mama yangu alisema kweli."

Nikangoja. Niliangalia mlango, nikijua sasa watakuja watu, baba atachukuliwa, na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kumpenda tena.

Mwenyekiti alimaliza kutafuna. Akameza, akajipangusa ndevu.

"Unanuka, kweli," akasema, kama mtu anayekubali kuwa leo kuna joto. "Lakini ule wa Maulidi ulizidi, bwana Ali. Mie nilitapika usiku kucha. Sasa si ungesema siku ile? Tuliuliza. Mbele ya watu wote tuliuliza, na wewe hukunyoosha mkono."

Wazee wawili watatu wakaitikia kwa vichwa, kweli, kweli, tuliuliza. Mwenyekiti akafinyanga tonge jengine, na wenzake wakaendelea kula.

Baba akabaki kaukunja mkono wake wa kulia kwenye goti. Halafu akaninyooshea, nimmiminie maji anawe.